Sato wa kukaanga, chupa nne za Dodoma, na ladha ya kutu mdomoni

Swali: Nina mgahawa mdogo hapa Mwanza, upande wa Nyegezi. Meza sita tu, na jikoni ni vitu vya ziwa: sato, sangara, dagaa, na wikiendi mbuzi choma. Mwezi uliopita shemeji yangu alinitumia katoni ya mvinyo wa kiwanda kidogo cha Dodoma. Zimo aina nne: Chenin Blanc kavu, Makutupora nyekundu kavu, Makutupora nyekundu tamu, na Syrah ambayo karatasi yake inasema imekaa miezi minane kwenye pipa la mwaloni. Mteja mmoja akaagiza sato wa kukaanga na glasi ya Syrah. Funda la pili tu, akaniita akasema samaki wangu ameoza. Sato yule alitoka soko la samaki la Kirumba asubuhi ile ile, nilimfunua mashavu mwenyewe. Kosa liko wapi? Na kila chupa niitolee chakula gani? Halafu wateja wananiuliza kwa nini huku kwetu hatulimi zabibu, nabaki kucheka tu.

Jibu: Pole, dada yangu. Sato wako alikuwa mzima, na Syrah ya shemeji yako pia ilikuwa nzima. Ni wawili wasiotakiwa kukaa meza moja, kama wakwe waliogombana. Mteja wako hakukuzushia, alisikia alichokisikia: ladha ya kutu, kama umelamba funguo, na nyuma yake harufu ya samaki aliyelala. Ladha hiyo haikuwemo kwenye sahani wala kwenye glasi. Ilizaliwa mdomoni mwake.

Mwaka 2009 watafiti wa Japani walifanya jambo ambalo hata wewe ungelifanya kama ungekuwa na maabara. Walichukua mvinyo wa aina nyingi, mwekundu na mweupe, wakawapa watu wauonje pamoja na nyama ya kombe wa baharini aliyekaushwa, kisha wakapima kilichomo kwenye kila chupa. Mchawi akawa madini ya chuma. Mvinyo uliozidi kama miligramu 2 za chuma kwa lita ulileta harufu mbaya ya samaki, na chuma kile kilipofungwa kwa kemikali, harufu ikashuka. Mafuta ya samaki ni mepesi kuvunjika, na yakikutana na chuma huvunjika papo hapo, ndani ya kinywa. Mvinyo mwekundu kwa kawaida hubeba chuma zaidi ya mweupe, ingawa si kila chupa. Kwa hiyo ule usemi wa mahotelini kwamba nyekundu ni ya nyama na nyeupe ni ya samaki una sababu, ila waliousema kwanza hawakuijua.

Jaribu mwenyewe kabla hujafungua mgahawa kesho. Kata kipande cha sato uliyemkaanga kwenye mafuta mapya, na kingine uliyemkaanga kwenye mafuta yaliyorudiwa mara tatu nne. Onja vyote viwili na Syrah. Cha pili kitakuwa kibaya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyochoka yenyewe yameshaanza kuvunjika. Sikwambii kwamba jikoni kwako mnarudia mafuta. Nakwambia tu nilichokiona kwenye majiko ya watu.

Jambo la pili lililomkera mteja wako lina jina zuri kwa Kiswahili, na wenzetu wengi hulizunguka kwa maneno matano: ukakasi. Kula zambarau ambayo haijaiva sawasawa, au bibo la korosho, uone ulimi unavyokauka na kukwaruza kama umepakwa chaki. Ukakasi wa mvinyo mwekundu unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, kwa sababu mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, na mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa. Ukakasi hushika protini. Ukikuta nyama yenye mafuta, unashika ya nyama na kutulia. Ukikuta samaki laini kama sato, hauna pa kushika, unageukia mate yako. Ndipo mdomo unakauka.

Pipa nalo linaongeza. Hapa lazima nicheke kidogo, maana wewe ni mtu wa Mwanza, na ukisoma "mwaloni" kwenye chupa akili inakwenda kwenye mwalo, pale samaki wanaposhushwa: ngazi za Kirumba, mitumbwi na wachuuzi wa dagaa. Mwaloni wa kwenye karatasi ni mti, ule mgumu wa Ulaya na Marekani unaotengenezwa mapipa. Mbao zake zina ukakasi wake, na zina harufu ya vanila na moshi kidogo kwa sababu pipa huchomwa ndani kabla ya kutumika. Mvinyo ukikaa humo miezi minane unatoka umebeba vyote hivyo. Nimewahi kumsikia mhudumu mmoja akimweleza mgeni kwa ujasiri kwamba mvinyo huu ulihifadhiwa ufukweni. Mgeni akaandika kwenye daftari.

Sasa chupa zako. Kanuni ninayoitumia mimi, na nimeitumia tangu nilipokuwa nabeba ndoo za vichala vya zabibu kule Hombolo, Dodoma, hadi sasa ninapofundisha wahudumu wa hoteli hapa mjini, ni moja: usimwangalie samaki, angalia alivyopikwa. Uliza kuna ndimu kiasi gani, mafuta kiasi gani, pilipili, chumvi, sukari, moshi. Sato mmoja anaweza kuhitaji mvinyo wa aina tatu kulingana na mkono wa mpishi. Na bahati nzuri kwetu, Dodoma wenyewe wanauita mvinyo uliotoka kwenye matangi, kabla haujatiwa chupani, "mchuzi wa zabibu". Ukimsikia mtu wa huko anasema ana lita elfu mbili za mchuzi, usidhani anapikia harusi. Basi fikiria hivyo hivyo: unamimina mchuzi juu ya mchuzi, vitapatana?

Chenin Blanc ndiyo chupa yako ya kila siku, na kama ningekuwa wewe ningemwambia shemeji alete katoni nzima ya hiyo peke yake. Ni zabibu ya Ufaransa, bonde la mto Loire, ikasafiri hadi Afrika Kusini ambako imekuwa kama mwenyeji, na Dodoma imepokelewa vizuri. Sifa yake kubwa ni kwamba hata kwenye joto haipotezi uchachu. Zabibu nyingi zikipigwa na jua kali zinakuwa tamu lakini uchachu unakimbia, mvinyo unatoka mlegevu, kama juisi iliyosahaulika. Chenin inashikilia. Ukiinusa utapata pera lililoiva, tufaa, wakati mwingine asali kwa mbali.

Mpe sato wa kukaanga, yule uliyemchanja mbavuni, ukampaka chumvi na ndimu, ukamwacha akauke, ukamtumbukiza kwenye mafuta ya alizeti mpaka mapezi yanavunjika kama chipsi. Uchachu wa mvinyo unafanya kazi ile ile ya ndimu: unakata mafuta, ulimi unakuwa mpya, unataka kipande kingine. Lakini angalia kitu ambacho wengi hawakijui. Ndimu iliyo kwenye samaki hupunguza uchachu wa mvinyo unaousikia. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha, ukiwekwa karibu na ndimu, unageuka maji. Ndiyo maana Chenin inafaa na mvinyo mweupe mlegevu haufai, hata kama wote ni weupe. Na kama mteja ana tabia ya kukamua vipande vinne vya ndimu juu ya sahani, mwambie kwa upole aonje kwanza. Akishakamua, hakuna mvinyo duniani utakaomfuata.

Kachumbari iliyotiwa siki ina shida hiyo hiyo mara mbili. Tengeneza ya ndimu, punguza kitunguu, na kitunguu chenyewe ukioshe kwa maji ya chumvi.

Sato wa mchuzi ni habari nyingine. Nyanya zimeiva mpaka zimetoa utamu, kitunguu, hoho, karoti kidogo, labda kijiko cha nyanya ya kopo, na pembeni ugali wa muhogo ule wa udaga wenye harufu yake. Chenin bado inakwenda, lakini hapa ndipo Makutupora nyekundu kavu inapopata nafasi, kwa sharti kwamba umeipoza. Nitalirudia hili la kupoza, maana ndiko migahawa yetu mingi inakoharibikiwa.

Makutupora ni jina la mahali, kaskazini mwa mji wa Dodoma, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Waliopitia JKT wanalijua jina kwa sababu zenye jasho zaidi. Zabibu iliyopewa jina hilo inapendwa na wakulima kwa kuzaa sana na kuvumilia ukame, na ndiyo iliyo kwenye chupa nyingi za bei ya kawaida. Watu wa mvinyo wa nje huidharau. Mimi siidharau. Ikichumwa kwa wakati na isipokamuliwa kwa pupa, inatoa mvinyo mwekundu wenye harufu ya zambarau na ukakasi mdogo, na huo udogo wa ukakasi ndio unaouokoa mbele ya samaki mwenye mchuzi wa nyanya. Nyanya ina uchachu na utamu, inaukaribisha mvinyo mwekundu mwepesi, na samaki anakuwa mgeni kati yao. Sangara pia anaikubali, hasa minofu minene ya karibu na tumbo ikichomwa kwenye mkaa. Sangara ana nyama ya kutafuna na mafuta ya kutosha, na mkaa unamwongezea ukali. Lakini onja kwanza chupa yako. Ikikuletea kutu hata chembe, rudi kwenye Chenin.

Swali moja la kumuuliza shemeji yako: zabibu hizi zilivunwa lini? Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Mavuno ya karibu na mwezi wa tatu yanaivia kwenye mvua, zabibu zinakunywa maji, sukari inakuwa ndogo na magonjwa mengi. Mavuno ya mwezi wa nane na wa tisa yanaivia kwenye ukavu. Sukari ndiyo inayogeuka kuwa kilevi, kiasi cha gramu 17 kwa lita kwa kila asilimia moja, hivyo mvinyo wa asilimia 12 umeanza na gramu zaidi ya 200 za sukari katika kila lita. Zabibu iliyonyeshewa haifiki huko bila kuongezewa. Kiwanda kidogo kilicho makini kitakujibu bila kigugumizi. Kikianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Syrah yako iweke ya Jumamosi na Jumapili, siku za mbuzi. Hapo ndipo ukakasi unapata pa kushika. Mbavu za mbuzi zenye mafuta yake, zimechomwa taratibu, chumvi tu, labda na pilipili manga, ndilo pambo la Syrah, kwa sababu zabibu hiyo kwa asili ina harufu ya pilipili manga na moshi, na pipa limeongezea. Chumvi kwenye nyama nayo inalainisha ukakasi, kwa hiyo usiwe bahili nayo. Kitimoto ya kukaanga, kama unaiuza, mimi huipa Chenin kabla ya Syrah. Mafuta yake yanataka kitu cha kuyakata. Wapo watakaonibishia, na waje tuonje.

Pilipili kichaa ni adui wa Syrah. Kilevi huongeza moto wa pilipili, na ukakasi unaukwangulia ulimi uliokwisha kuungua. Mteja anayekula mbuzi na pilipili ya kusaga vijiko viwili ni mteja wa bia, mwache.

Sasa Makutupora tamu, ambayo najua wahudumu wako watapenda kuiuza kwa sababu watu wetu wengi wamejua mvinyo kwa njia mbili, kanisani na harusini, na kote huko ulikuwa mtamu. Mizabibu ya Dodoma yenyewe ina nasaba ya kanisa. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, nje kidogo ya mji, waliipanda katikati ya karne iliyopita kwa ajili ya misa, maana kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa inataka divai ya altare iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Ndiyo maana madhabahuni tunasema divai, gazetini mvinyo, baa tunasema waini, na kila neno lina utamu wake.

Sheria ya mvinyo mtamu ni fupi: chakula kisiushinde utamu. Keki ya sukari nyingi itaufanya uwe mkali kama siki. Lakini wewe una kitu bora kuliko keki, tena cha bei ndogo. Chukua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ichemshe mpaka ilainike, uiunge na karanga za kusaga, upunguze sukari kabisa kwa sababu kiazi kikavu kina yake. Toa kisahani kidogo baada ya chakula pamoja na glasi ndogo ya Makutupora tamu iliyopozwa. Bibi wa Kisukuma hatakuelewa, na mgeni atakuuliza jina la chakula hicho mara mbili. Karanga zina mafuta, kiazi kina utamu wa udongo, mvinyo una zambarau. Kwa mawazo yangu hiyo ndiyo ndoa nzuri kuliko zote za Kanda ya Ziwa, kushinda hata sato na Chenin.

Dagaa ni wagumu. Wana mafuta makali, na uchungu wa matumbo yao ambayo hakuna anayeyatoa. Mvinyo mwekundu mkavu kwa dagaa ni ajali ya mteja wako mara tatu. Chenin kavu inawavumilia wakikaangwa wakavu, na limao juu. Wakiungwa na nyanya na pilipili, ningetafuta mweupe wenye utamu kidogo, ambao kwenye katoni yako haumo. Muulize shemeji kama kiwanda kina Chenin isiyo kavu kabisa. Utamu unazima pilipili na kufunika uchungu. Huo huo utakufaa kwa kayabo, maana sangara wa chumvi na utamu wanaelewana kama embe bichi na chumvi. Senene, ukiletewa kutoka Kagera msimu wao ukifika, ukawakaanga kwa kitunguu, kula na Chenin na usimwambie mtu, hawatoshi. Kamongo wa moshi sijawahi kumpatia mvinyo nikaridhika. Mlenda haukubali mvinyo wowote. Ule utelezi unaziba ulimi, unakunywa maji yenye gharama.

Nimesema nitarudi kwenye kupoza. Chupa nyingi zimeandikwa kwamba mvinyo mwekundu unywewe "kwenye joto la chumba". Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, ukuta wa mawe, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chako cha Nyegezi saa nane mchana kinafika nyuzi 28 bila kuona haya. Mvinyo mwekundu kwenye joto hilo unanuka kilevi, ukakasi unapoteza umbo, na utamu unachusha. Mweupe upoze uwe kati ya nyuzi 8 na 12, mwekundu mwepesi kama Makutupora kavu uwe kwenye 14 hivi, Syrah 16 au 17. Huna haja ya kipimajoto. Mweupe ukae kwenye friji saa mbili au tatu, mwekundu nusu saa kabla ya kufungua. Umeme ukikatika, chukua ndoo, barafu, maji, na konzi mbili za chumvi, izamishe chupa mpaka shingoni. Baada ya robo saa inakuwa tayari, kwa sababu maji ya chumvi yanashuka chini ya sifuri bila kuganda, na yanaikumbatia chupa pande zote kuliko barafu tupu isiyo na maji. Barafu ile ya vipande vikubwa ya wauza samaki inafaa kwa ndoo. Kwenye glasi ya mtu, hapana.

Kuhifadhi, nitakuambia kwa aibu yangu mwenyewe. Zamani nilitoka Dodoma na katoni ya mvinyo mtamu wa kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, nikaiweka kwenye buti ya basi, mchana, barabara ya Singida kuelekea Nzega. Tulipofika Shinyanga utingo aliponifungulia buti, kilichonipokea ni harufu ya sebule ya paroko. Vizibo viwili vilikuwa vimeruka, cha tatu kimesimama nusu, na begi la mama mmoja lenye vitenge vya send-off limekuwa la zambarau. Nililipa. Kilichotokea ni kwamba mvinyo ule ulikuwa na sukari iliyobaki na hamira iliyobaki, haukuchujwa sawasawa, joto likaiamsha hamira, ikaanza kula sukari upya na kutoa gesi. Kwa hiyo chupa zako tamu ziangalie kila asubuhi. Kizibo kikianza kupanda, ifungue siku hiyo hiyo juu ya sinki. Na mwambie shemeji atume kwa basi la usiku.

Chupa zote zilaze, usizisimamishe, kizibo kibaki kimelowa. Ziweke chumba cha ndani, chini, mbali na jiko na mbali na ule mgongo wa friji unaotoa joto. Kabati la kioo linalotazama ziwani ni zuri kwa picha, lakini jua la jioni kule Nyegezi linaingia moja kwa moja, na wiki mbili za jua hilo zinauzeesha mvinyo miaka. Ukikuta chembechembe zinazong'aa kama chumvi chini ya chupa ya Chenin, usirudishe. Ni asidi ya zabibu yenyewe imeganda kwa sababu ya ubaridi, haina madhara. Mimina kwenye glasi taratibu ili zibaki chini ya chupa.

Kwa kuuza kwa glasi, chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Ikishafunguliwa, ifunge, irudishe kwenye friji hata kama ni nyekundu, na uiuze ndani ya siku tatu. Baada ya hapo itumie jikoni. Chenin iliyochoka inafaa sana kwenye mchuzi wa sato badala ya nusu ya ndimu, ukiitia mwanzoni wakati kitunguu kimeanza kulainika ili kilevi kiondoke. Na kama leseni yako ni ya chakula tu, pitia halmashauri ukachukue ya vileo kabla hawajakupitia wao.

Sasa wale wateja wanaouliza kwa nini Mwanza hailimi zabibu za mvinyo. Wengi hudhani ni suala la mwinuko. Siyo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Dodoma uko karibu na hapo hapo. Udongo nao tungeweza kujitetea, maana mawe yetu haya ya granaiti yanayoning'inia juu ya nyumba za watu ni ndugu wa mawe ya Cornas, kule bonde la Rhône nchini Ufaransa, ambako Syrah ndiko kwao. Kila nikipanda Capri Point nawaza hivyo, kisha inanyesha.

Mvua ndiyo jibu. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kiasi cha milimita 600 kwa mwaka au pungufu, kisha ukavu wa miezi. Sisi tunapata kama mara mbili ya hiyo, vuli na masika, na hata siku isiyonyesha ziwa linatupulizia unyevu. Mzabibu unapenda miguu mikavu na majani makavu zaidi. Majani yakilowa na joto likiwepo, ukungu unaingia: ubwiri unga, ule wa vumbi jeupe, na ubwiri vinyoya, unaotoa madoa ya njano juu ya jani na manyoya meupe chini yake. Huo wa pili ndio uliotoka Marekani ukaingia Ufaransa mwaka 1878 na kuwaliza wakulima mpaka walipogundua kunyunyiza mchanganyiko wa chokaa na mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Huku kwetu ungenyunyiza kila wiki, na bado vichala vingeoza katikati, punje kwa punje, kabla sukari haijapanda.

Haizuii kupanda mmoja uani, juu ya kichanja, upande unaopata upepo. Utapata kivuli kizuri cha kuweka meza ya saba, majani, na vichala vichache ambavyo ndege watavionja kabla yako.